Moja Bado Linalegea

Jumatatu, 5 Mei
Presha 158/97. Immaculate, muuguzi Mkenya wa kliniki iliyo nyuma ya shule yetu hapa Buluk, Juba, amenipa daftari hili na kuniamuru niandike presha yangu kila asubuhi, msimu wote huu wa mvua. Chini yake niandike kilichonikasirisha, ili tujue ni chumvi au ni watu. Nimemwambia jibu ninalo tayari. Ni watu.

Leo ni mwanafunzi aliyeandika kwamba seli hugawanyika kwa sababu imechoka kuwa peke yake. Nilimpa sifuri. Jioni nikarudi nikampa nusu alama.

Jumanne, 6 Mei
155/96. Mvua usiku kucha. Matope mpaka kwenye kizingiti.

Alhamisi, 8 Mei
160/98. Hii ya leo nimejitafutia mwenyewe. Nilikuwa nafundisha darasa la tatu la sekondari jinsi seli inavyogawanyika. Nikachora kromosomu katikati ya seli, kila moja na nakala yake zimeshikana kiunoni. Nikachora nyuzi kutoka pande mbili za seli zikija kuzishika. Nikasema kisha hizi nyuzi huvuta, nakala moja huku, nyingine kule, na seli mbili mpya hupata sawasawa. Binti mmoja, Adhieu, aliyekulia Nakuru na kurudi na wazazi wake mwaka juzi, akainua mkono.

"Ustaz, nani anaiambia seli kwamba zote zimeshikwa? Isije ikavuta kabla."

Miaka ishirini na sita ninafundisha baiolojia, Embu na hapa Juba, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilimwambia akae chini, tuna silabasi ya kumaliza. Alikaa. Nilijisikia vibaya mpaka saa hizi ninapoandika.

Jumamosi, 10 Mei
149/94, na nina habari.

Lazima nieleze ua wetu. Tuko vyumba sita, choo kimoja na bomba lisilo na maji. Jirani yangu wa ukuta ni Nakato, Mganda, muuza vitenge. Ana miaka arobaini na moja na mimba ya miezi minane, ya kwanza katika miaka kumi ya ndoa. Mumewe Owen anaendesha lori la maji. Kwa mwaka mzima nimemlalamikia mwenye nyumba kuhusu Nakato, maana kila Jumamosi ya pili na ya nne ya mwezi anafunga ua mzima kwa vitambaa vyake na mimi hubaki ndani kama kuku.

Anashirikiana na mwenzake Lillian, mwenye kibanda mtaa wa Mangateen. Wananunua majora pamoja, kila jora na ua lake, yaani nakshi yake, yadi kumi na mbili, halafu wanagawana nusu kwa nusu ili kila kibanda kipate kila ua. Mteja akikosa ua alilotaka anakwenda kwa mwingine na harudi. Kumbe zamani waligombana nusura waachane, kila mmoja akidai mwenzake amejipa vipande viwili vya ua zuri na kumwachia hewa. Ndipo wakatunga utaratibu wao.

Leo nilitoka na kiti nikautazama, kwa kuwa kutoka nje ya ua nilikuwa siwezi. Kuna mbao mbili zenye misumari, moja karibu na mlango wangu, nyingine huko kwenye tangi. Katikati wamekaza kamba. Kila jora limeshonwa uzi mwekundu kiunoni kabisa, na hapo kiunoni ndipo linapolala juu ya kamba. Nakato anatundika ncha moja kwenye ubao wake, Lillian anatundika ya pili kwenye ubao wake. Leo yalikuwa majora kumi na tisa. Yalipokwisha kutundikwa nilidhani watakata. Hawakukata. Nakato alipita na tumbo lake, akikandamiza kila kitambaa kwa kiganja. Kikirudisha mkono, kimeshikwa pande zote mbili. Kikizama, kuna kasoro. Alipofika cha kumi na nne kikazama.

"Hakuna kukata," alisema. "Moja bado inalegea."

Kumi na nane yalikuwa tayari, mvua inanguruma upande wa mto, Lillian ana mkasi mkononi, na wote wakasimama kwa sababu ya moja. Ncha yake ilikuwa imechomoka msumarini. Wakairudisha, akakandamiza tena, ndipo mkasi ukapita kwenye uzi mwekundu, yote kwa mkupuo mmoja, na kila mwanamke akavuta wake.

Niliingia ndani nikafungua kitabu kikubwa ambacho sijakigusa tangu chuo. Ni hivyo hivyo. Kromosomu ambayo haijashikwa, au imeshikwa ikalegea, hutoa ishara, na ishara ya moja tu huzuia seli nzima isikate. Hakuna msimamizi anayepiga filimbi. Anayesubiriwa ni yule mmoja ambaye bado. Adhieu ananidai msamaha.

Jumatatu, 12 Mei
144/92. Nilimwomba Adhieu msamaha mbele ya darasa. Halafu nikatoa leso na kamba, wanafunzi wakawa nyuzi. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia.

Jumapili, 18 Mei
Nimesahau kupima. Nakato ameniletea matoke. Nilimwambia kwamba nimefundisha watoto arobaini kwa utaratibu wake. Akasema basi nimlipe ada.

Jumamosi, 24 Mei
145/91. Nakato amejifungua asubuhi, mtoto wa kike. Wamemwita Kisakye, yaani neema. Owen alizunguka ua na kreti ya soda akimpa kila mtu, hata mwenye nyumba. Sijawahi kuona mtu mzima akitembea hivyo, kama anaogopa kukanyaga ardhi.

Jumatano, 4 Juni
150/94. Kuna jambo. Immaculate aliniita pembeni nilipokwenda kuchukua dawa. Nakato alikuwa amemleta mtoto kwa sababu ananyonya polepole na shingo ni laini mno. Daktari amemtazama macho, masikio, mstari wa kiganja. Anadhani mtoto ana kromosomu moja ya ziada, ile ya ishirini na moja. Amewaeleza wazazi kwa Kiingereza, wakaitikia, na Immaculate ana hakika hawakuelewa neno zaidi ya "tatizo". Yeye ana wagonjwa hamsini kila siku. Ameniomba niende kuwaeleza vizuri. "Wewe ndiye mwalimu," alisema.

Sikwenda leo. Niliona mlango wao umefungwa na nikajiambia wanapumzika.

Jumamosi, 7 Juni
163/99. Nimekwenda, na ingekuwa heri nisingekwenda.

Nilikuta Nakato peke yake, mtoto kifuani. Nilieleza kama ninavyoeleza darasani, kwa mpangilio. Nikasema mtoto ataishi, atacheka, atatembea akichelewa kidogo, atajifunza akichelewa zaidi, na moyo wake uchunguzwe mapema. Mpaka hapo nilifanya vizuri. Akaniuliza inatokana na nini. Nikasema mara nyingi ni yai la mama, lilipogawanyika halikugawa sawa, na uwezekano huongezeka mama akipita miaka thelathini na tano.

Yote ni kweli. Nimeyasema ubaoni mara mia. Lakini hakuna kiti kimoja darasani kilichowahi kukaliwa na mama wa miaka arobaini na moja mwenye mtoto wa wiki mbili kifuani.

Hakulia. Alimfunika mtoto kichwa. "Basi ni mimi," alisema. "Asante, Mwalimu, umeniambia ukweli."

Nilisimama pale nikitafuta sentensi ya pili na sikuipata.

Jumatatu, 9 Juni
161/98. Hanisalimii. Ana haki.

Jumatano, 11 Juni
159/98. Lillian amekuja kumtembelea, na kwa nia njema kabisa amemwambia kwamba mwenye mimba hapaswi kushika mkasi, na yeye alikata vitambaa mpaka wiki za mwisho. Ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, nilisikia kila neno. Jioni nilimwona Nakato ametundika mkasi wake kwenye msumari juu ya mlango, juu kabisa ambapo yeye mwenyewe hafiki bila kupanda kiti.

Kwa hiyo sasa ana sababu mbili za kujilaumu. Moja kapewa na rafiki, nyingine kapewa na sayansi. Na Owen sijamwona akimshika mtoto hata mara moja tangu siku ile ya kliniki. Anakuja, anaoga, anakula amesimama, anarudi kwenye lori. Mtu aliyegawa soda ua mzima. Simwelewi, na sina hamu ya kumwelewa.

Jumamosi, 14 Juni
Sikupima asubuhi. Nimepima sasa: 142/90, na sijui kwa nini imeshuka siku kama hii.

Ilikuwa Jumamosi ya kugawa. Lillian alifika na majora, kumi na sita safari hii. Nakato alikaa mlangoni na mtoto, akasema yeye hashiki tena kitambaa wala mkasi. Lillian akaangaza macho ua mzima na ni mimi tu niliyekuwepo. "Mwalimu, wewe unajua hii kazi, unaifundisha," alisema. "Kamata upande wa Nakato."

Nikakamata. Nilijiona fundi. Nikawa natundika ncha upande wangu, moja baada ya nyingine, huku nikimweleza Lillian mambo ya seli ambayo hakuyauliza. Wingu likaja kutoka Gudele, jeusi, na upepo ukaanza kuinua vitambaa. Lillian akasema haraka, haraka. Nilifikiria kupita na kiganja. Nilifikiria kabisa. Halafu tone la kwanza likaniangukia kipara na nikasema yako sawa, kata.

Akakata, tukavuta, tukakimbilia chini ya mabati. Tulipokunja, Lillian alikuwa na vipande kumi na vitano. Mimi nilikuwa na kumi na saba. Lile jora la njano lenye ndege, zuri kuliko yote, nilikuwa nimelitundika ncha zote mbili kwenye ubao wangu. Lilikuwa limekunjwa mara mbili juu ya kamba, linalegea mchana kweupe, na mkasi ukapita kiunoni kama kawaida. Nusu zote mbili zikaja kwangu. Lillian hana hata yadi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi, niliyewapa wanafunzi leso na kamba. Nilianza kuomba radhi kwa Lillian, kwa Nakato, kwa mwenye nyumba aliyekuwa anapita. Lillian alicheka mpaka akashika ukuta. Nakato hakucheka. Alikuwa ananitazama.

"Mwalimu," alisema, "wewe ulifanya makusudi?"

"Hapana, dada."

"Ulitaka kumwibia Lillian?"

"Hapana. Nilitundika nikidhani nimetundika sawa."

"Basi maalesh, usijali. Imetokea. Kitambaa ni kitambaa, mbona unaomba radhi kwa kila mtu?"

Na hapo sentensi ya pili ikaja, wiki nzima imechelewa. Nilikaa chini kwenye matope, suruali yangu ya shule na yote, ili nimtazame usoni. "Na wewe hukufanya makusudi," nilisema. "Ilitokea hivi hivi."

Alimvuta mtoto karibu. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa hiyo ilibidi nipaze sauti, na nadhani vyumba vyote sita vilisikia somo. Nilimwambia kwamba mayai ya mwanamke hayatengenezwi akiwa mtu mzima. Yote huwekwa yeye angali tumboni mwa mama yake. Kromosomu hupangwa huko, hufungwa viunoni huko, kisha kazi husimama katikati. Husubiri miaka kumi na tano, thelathini, arobaini, mpaka zamu ya yai lile ifike. Uzi mwekundu unaozishika ni ule ule wa zamani, na uzi uliokaa miaka arobaini hulegea bila mtu kuugusa. Tena yai ni seli kubwa mno, na ishara ya kromosomu moja inayolegea haisikiki vizuri humo ndani. Mkasi hauhusiki. Kazi haihusiki, wala chakula, wala wivu wa mtu.

"Kabla mimi sijazaliwa?" aliuliza. "Mimi na Babirye, tukiwa wote ndani ya mama?" Babirye ni pacha wake, yuko Masaka.

"Hapo hapo. Yai la Kisakye lilikuwepo tayari."

"Kumbe Kisakye alikuwa na sisi." Alimtazama mtoto muda mrefu sana. Kisha akalia, kilio kikubwa cha mtu aliyekizuia tangu wiki iliyopita, na Lillian akaacha kucheka akaja kumkumbatia, akisema mwenyewe kwamba ule mkasi aliusema kwa ujinga.

Nilitaka kumrudishia Lillian kipande kimoja cha njano. Walikataa wote wawili. Utaratibu wao ni kwamba kosa la mgawo haliuzwi wala halikatwi tena, maana ukianza kurekebisha mnarudi kwenye ugomvi. Linabaki nyumbani kwa aliyelipata. Nakato amemfunika nalo mtoto.

Jumatatu, 16 Juni
143/90. Amenisalimia.

Jumamosi, 21 Juni
151/95. Owen alinisubiri kwenye lango. Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu. "Mwalimu, hii kitu inatoka kwa upande wa nani?"

Baada ya kosa la kwanza niliapa kusema kwa uangalifu, lakini uongo siwezi. Nikamwambia kwamba karibu kila mara haitoki upande wowote, ni mgawo uliokosea mara moja basi. Wachache sana, pengine wanne katika mia, huwa kipande cha kromosomu kimegandana na kingine, na hapo inaweza kupita katika ukoo wa baba au wa mama. Kipimo cha damu huonyesha. Hapa mjini sijui pa kukifanyia, ila Immaculate anaweza kutuma Nairobi.

Uso wake ulibadilika rangi. Akasema afadhali Nakato na mtoto waende Masaka kwa mama yake yeye Owen, tiketi za basi atakata za Jumapili tarehe kumi na tatu Julai. Mama yake atamtunza, anajua kuishi na watu wa hivyo. Kabla sijauliza anajuaje, alishawasha lori.

Nakato ameniambia hataki kwenda. Anaogopa kwamba akimpeleka mtoto kule atafichwa, na yeye mwenyewe hatarudi tena kwenye kibanda chake. Nimemjibu kwamba naogopa hivyo hivyo. Kuhusu Owen nina maneno mengine ambayo Immaculate akiyasoma atanipandishia dozi.

Jumanne, 24 Juni
149/93. Damu ya Kisakye imetolewa. Imesafiri na mfanyakazi mwenzake Immaculate aliyekuwa anakwenda likizo Nairobi. Majibu ni wiki mbili au tatu.

Jumamosi, 28 Juni
147/92. Siku ya kugawa. Lillian na mimi. Nilikandamiza kila jora mara mbili.

Alhamisi, 3 Julai
147/92. Mvua. Kisakye amenitabasamia, au ni gesi. Nakato anasema ni tabasamu na sibishani.

Jumatano, 9 Julai
148/93 asubuhi. Sasa ni jioni na sitaki hata kupima.

Owen alikuja kwangu kabla jua halijazama, na viatu vya matope mkononi. Akakaa kwenye ndoo. Alizungumza huku akitazama viatu.

Alikuwa na kaka, Fulgensio, mkubwa wake kwa miaka tisa. Macho ya Kisakye ni ya Fulgensio, aliyatambua siku ile kliniki, kabla daktari hajafungua mdomo. Owen alipokuwa mdogo, Fulgensio ndiye aliyemlea, alimbeba mgongoni, mama yao akiwa shambani. Halafu baba akapata cheo kanisani, wageni wakawa wanakuja, na wageni wakawa wanacheka. Fulgensio akawekwa chumba cha nyuma. Owen ndiye aliyekuwa akimpelekea chakula, miaka kumi, akifungua na kufunga kufuli. Alikufa kwa homa akiwa na miaka ishirini na nane, na katika mazishi watu waliambiwa ni mfanyakazi.

"Nakato hajui," alisema. "Hakuna mtu anajua. Sasa kama hiyo karatasi ya Nairobi inasema ni ukoo, basi ni mimi. Na mimi nimeacha yeye analia, wiki nzima, nanyamaza."

Nilikasirika sana. Nilikumbuka ule ukuta wa mbao na yote niliyosikia kupitia kwake, na huyu mtu alikuwa chumba hicho hicho na neno moja mdomoni ambalo lingemtua mkewe mzigo. Nikamwambia hivyo. Hakujitetea. Aliitazama mikono yake, na nikaona kwamba hakumshika mtoto kwa sababu anaogopa mikono ile ile iliyokuwa ikifunga kufuli. Hasira ikaniisha. Nikabaki na huzuni tu, ya Fulgensio zaidi.

Nilimwambia kitu kimoja: asisubiri karatasi. Karatasi ikisema si yeye, atakuwa amenyamaza milele. Ikisema ni yeye, atakuwa amesema kwa kulazimishwa.

Alivaa viatu akaenda. Sikusikia kitu kupitia ukuta.

Ijumaa, 11 Julai
152/95. Mabegi mawili yako mlangoni kwao.

Jumamosi, 12 Julai
Ni saa kumi alasiri. Naandika yote kabla sijasahau mpangilio.

Nakato alisema akiondoka kesho, basi leo agawe kwa mara ya mwisho na Lillian, ili asimwache na deni la ua hata moja. Majora yalikuwa ishirini na moja. Idadi hiyo ilinikwaruza. Nakato alikuwa na mtoto mgongoni, ndani ya kitambaa cha njano, kwa hiyo kutundika alishindwa. Nilisogea, lakini Owen alinitangulia. Hakutoka na lori leo. Alishika ncha ya kwanza akatundika.

Walikuwa wamefika katikati Immaculate alipoingia ua na bahasha. Majibu yamefika na ndege ya jana. Alimpa Nakato mkononi. Kila mtu akasimama.

Nakato aliitazama bahasha, akatazama kamba. "Tunamaliza kwanza," alisema, akaichomeka kwenye mshipi wa sketi yake.

Wakamaliza kutundika. Nakato akapita na kiganja, kama alivyopita mwezi wa tano na tumbo, sasa na mtoto mgongoni. Kumi, kumi na tano, ishirini. La mwisho likazama. Lilikuwa upande wa Owen, alikuwa ameshika ncha mkononi hajaitundika. Amesimama nayo tu.

"Owen, moja bado inalegea."

"Najua," alisema. Akamweleza hapo hapo, mbele ya Lillian, mbele ya Immaculate, mbele yangu, ameshika kitambaa kama mtu aliyeshika kamba kisimani. Alisema kuhusu Fulgensio. Alisema kuhusu kufuli. Akasema: "Mama yangu anajua kuishi na watu wa hivyo, nilikuambia. Anajua kuwafungia. Nilitaka kukupeleka huko na mtoto wetu. Kama karatasi inasema ni mimi, ni mimi. Kama inasema si mimi, bado nilinyamaza."

Uso wa Nakato sikuweza kuusoma, na mimi nimezoea kusoma nyuso arobaini kwa wakati mmoja. Kisakye akaanza kunung'unika, naye akamtikisa mgongoni.

Kisha akasema, "Tundika."

Owen akatundika. Nakato akakandamiza. Kitambaa kikarudisha mkono.

Akaenda mlangoni, akapanda kiti, akashusha mkasi wake. Lillian alikuwa na wake tayari lakini akaurudisha mfukoni. Nakato alifungua kitambaa cha njano mgongoni, akamtoa mtoto, akamwekea Owen mikononi bila kumuuliza.

"Shika vizuri kichwa," alisema. "Shingo bado."

Owen akashika. Akasogeza kiganja chini ya shingo. Nakato akakata yote ishirini na moja kwa mkupuo, kila upande ukapata wake, na wakati Lillian anakunja ndipo akanipa bahasha nisome. Kromosomu arobaini na saba. Ya ishirini na moja ziko tatu, kila moja imesimama peke yake, haijagandana na nyingine. Nikasema maana yake: si ukoo wa mtu. Mgawo ulikosea mara moja, kama nilivyokosea mimi. Ya Fulgensio hatutajua kamwe.

Owen aliitikia kwa kichwa lakini sidhani alisikia. Alikuwa anamtazama mtoto macho.

Jumapili, 13 Julai
Basi la Kampala limeondoka. Owen amepanda peke yake. Tiketi ya pili ameirudisha. Nakato hakumsindikiza, lakini alimfungia chapati. Hakuniambia kama amemsamehe na sikuuliza.

Jumatano, 16 Julai
141/90. Nakato amefungua kibanda. Adhieu alipita na mama yake wakanunua ua la zambarau.

Jumamosi, 26 Julai
Siku ya kugawa. Nilishika upande wa Owen. Nakato aliyakandamiza yangu mara tatu, mbele ya watu.

Jumamosi, 2 Agosti
136/86. Immaculate anataka kujua ni chumvi au ni watu. Nimemwambia ni watu.

Owen amerudi jana. Alimuuliza mama yake kaburi la Fulgensio liko wapi hasa, maana halikuwekwa alama, akapanda juu yake mgomba na kuweka msalaba wenye jina. Kisha akaomba picha. Mama yake alisema hakuna. Owen akakaa siku tisa mpaka mama akaileta, ilikuwa ndani ya Biblia.

Leo asubuhi alikuja kwangu kuazima nyundo. Nilimfuata kwenda kuona anapigilia nini. Ameitundika ile picha juu ya kitanda cha Kisakye, kwenye msumari ule ule uliokuwa na mkasi, ila ameung'oa mlangoni na kuupigilia chini zaidi ili mtoto aone akianza kukaa. Ni picha ndogo, imefifia pembeni. Kijana mwenye macho ya Kisakye amesimama mbele ya nyumba, anacheka na mpiga picha, na mgongoni amefunga mtoto kwa kitambaa. Nilimuuliza Owen mtoto huyo ni nani, ingawa nilijua.

"Ni mimi," alisema.